Kabla ya Hiyo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ukalimani lilikuwa la neno moja. Bibi mmoja alisema "sisi", nami nikasema "wao". Sikusikia vibaya. Nilisikia vizuri sana, na ndiyo maana nilibadilisha.

Naanza na hilo kwa sababu nimeandika kurasa hizi mara nyingi, na kila mara nilijikuta nimejificha mahali fulani katikati, kama shahidi asiye na lake. Afadhali nitoke mapema.

Bibi huyo alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Awindiri, hapa mjini Arua. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba yake. Ukuta wangu ulikuwa ukuta wa jiko lake, kwa hiyo nilijua kama leo ni vitunguu au maharage kabla sijafungua macho. Kila mtu alimwita Habuba, jinsi Wanubi wanavyomwita nyanya, hata sisi Walugbara ambao si wa ukoo wake wala wa dini yake. Mimi ni mtoto wa Manibe, wa mashamba ya mihogo nje ya mji. Kiswahili nilijifundisha kwa redio na kwa vitabu vya sarufi visivyo na majalada, na Kiingereza vivyo hivyo. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anaogopa saa zote kwamba atakutwa na kosa. Ngeli zilikuwa dini yangu ya pili.

Kiswahili cha Habuba hakikuwa na ngeli. Kilikuwa Kiswahili cha huku kwetu, cha kambi ya jeshi na cha soko: "Watoto iko wapi?" "Mimi hapana taka kelele." Mwanzoni nilimsahihisha. Siku moja alisema, "Chai nakwisha," nami nikamwambia kwa upole, "Habuba, chai imekwisha." Akatazama birika, akatazama kikombe mkononi mwangu.

"Imekwisha, nakwisha," akasema. "Sasa wewe nakunywa ya nani?"

Alikuwa mwembamba, mwenye viganja vikubwa kuliko mikono yake, kana kwamba viganja vilikuwa vya mtu mwingine. Asubuhi alisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi ambavyo wanawake wa Kinubi huvisuka. Alisuka vizuri lakini hakuwa fundi wa kusifiwa. Vingine vilipinda, akaviuza hivyo hivyo na kumwambia mnunuzi kwamba upindo ndio mtindo wa sasa. Alipenda mpira wa miguu kuliko wajukuu wake. Alikaa mbele ya televisheni akiwatukana waamuzi kwa Kinubi, na kutoka kwa watangazaji aliokota Kiingereza chake chote, ambacho kilikuwa kidogo lakini kikali.

Watu wa mtaa walimjua kwa swali moja. Mtoto akija analia kwamba fulani amempiga, Habuba hakumfuta machozi. Aliuliza, "Kabla ya hiyo?"

"Kabla ya hiyo nilikuwa nimekaa tu."

"Kabla ya kukaa?"

"Nilichukua mpira wake."

"Aha. Anza hapo. Lia kutoka hapo."

Aliwauliza hivyo watoto, na watu wazima pia. Jirani mmoja alikuja kulalamika kwamba mumewe amehama chumba cha kulala, akaondoka amekasirika kwa sababu Habuba alimrudisha nyuma, kabla ya hiyo, kabla ya hiyo, hadi kwenye jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. Mimi nilicheka kama wengine. Sikujua kwamba swali lile lilikuwa na kwao.

Kwa maana huku kwetu West Nile hadithi yetu ina mahali inapoanzia. Muulize mzee yeyote habari za zamani, ataanza na siku ya kukimbia: Rais aliyetoka kwetu alipopinduliwa, jeshi la serikali mpya likaja, nyumba zikachomwa, watu wakauawa majumbani na njiani, Arua na Koboko zikabaki majani matupu, waliosalia wakavuka kwenda Congo na Sudan. Yote ni kweli. Nilikua nikisikia hayo jikoni kwa mama, na ndugu zake wawili hawakurudi. Lakini hadithi iliishia hapo, na ilianzia hapo pia. Kilichofanywa katika miaka iliyotangulia, na askari wetu, katika nchi nzima, kilikuwa mambo ya "wao". Na mimi nilipokwenda Kampala kutafuta kazi, na mtu wa gesti akasoma kitambulisho changu na kusema, "Ninyi wa huko ndio mliotuulia watu," nilikuwa na jibu tayari, lenye ngeli zake zote sawasawa: mimi sikuwa nimezaliwa.

Habuba alikuwa amezaliwa, tena alikuwa mke wa askari.

Juu ya yule Rais mwenyewe alikuwa na sheria mbili zilizogombana. Hakuruhusu mtu amcheke mbele yake. Kijana mmoja alimwigiza sauti, akapigwa kwa mwiko. Na hakuruhusu mtu amsifu. Mgeni wa harusi aliposema, "Lakini zama zake sisi tulikuwa na heshima," Habuba alichukua sahani ya mgeni huyo, ikiwa bado na nyama, akaipeleka ndani. Nilimuuliza anataka watu waseme nini basi. Alisema, "Alikuwa nacheza ngoma vizuri. Hiyo iko kweli. Mutu anaweza kucheza ngoma vizuri."

Jambo jingine lilikuwa kamba yake ya nguo. Alinikubalia kuanika shati, taulo, shuka. Suruali yangu ya kaki aliiondoa, akaitundika kwenye miiba ya ua. Nikairudisha, akaiondoa tena. Nilidhani ni ushirikina. Na hakumruhusu mtu yeyote amfulie, hata alipokuwa hawezi kuinama. Aliketi kwenye kigoda na beseni kati ya miguu, akifua kwa maji baridi, kimya, yeye ambaye hakuwa kimya kwa lolote lingine.

Nisimfanye mtakatifu, maana hakuwa. Aliporudi kutoka uhamishoni alikuta nyumba yao ya Koboko haina bati wala dirisha wala mlango. Mlango aliukuta mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwenye nyumba ya mkulima mmoja Ludara. Aliutambua kwa jicho la mbao lililokuwa karibu na komeo. Tangu siku hiyo, kila alipopita Ludara, alisimama pale na kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Wakifungua, aliwaamkia, akaupapasa mlango, akaenda zake. Yule mkulima alikufa. Watoto wake wakaja na mbuzi kuomba yaishe. Habuba alimla mbuzi, na hodi hakuacha.

"Habuba," nikamwambia, "mlango huo aliuchukua baba yao. Hawa watoto wana kosa gani?"

"Kosa hapana," akasema. "Kosa iko ya mutu moja. Kujibu iko ya nyumba mzima. Mtoto akivunja chungu ya jirani, nani anaenda kwa jirani? Mtoto?"

"Wazazi. Nyumba nzima."

"Sasa hawa nalala nyuma ya mlango yangu. Mimi nabisha. Wao najibu. Hiyo tu."

Sikukubaliana naye, na sijui kama nakubaliana naye leo, kwa habari ya mlango.

Mgeni alikuja wakati wa kiangazi. Alikuwa mwalimu, mama wa makamo, Mwacholi kutoka upande wa Gulu. Baba yake alikuwa askari. Mara tu yule Rais wa kwetu aliposhika nchi, askari wa Kiacholi na wa makabila jirani walitolewa kambini usiku wakauawa, mikononi mwa wenzao waliokuwa wamelala nao chumba kimoja. Baba wa mgeni alikuwa mmoja wao. Hakutafuta fidia. Alikuwa akizunguka kwenye familia za askari wa zamani akiomba kitu kimoja, alichokieleza kwa Kiingereza kilichopangwa kama cha mtu aliyekirudia njiani: anataka mtu mmoja aliyekuwa upande ule amwambie kwa mdomo wake kwamba jambo lile lilifanyika. Mama yake alikufa akiambiwa kwamba mumewe ametoroka jeshi.

Nyumba nyingi zilimpa soda na hadithi ya kukimbia. Mtu fulani akamleta kwa Habuba, na mimi nikaitwa nitafsiri. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilikuwa na hofu ya nyakati za vitenzi.

Habuba hakuanza na kukimbia. Aliweka ukili chini, akasema, "Mwambie, iko kweli. Sisi iliua watu yao."

Nimekaa na sentensi hiyo miaka. Nilijiambia wakati ule kwamba haina sarufi. "Sisi" hudai "tu". "Iliua" si ya mtu, ni ya kitu, labda serikali iliua, labda bunduki iliua. Kwa hiyo mkalimani ana haki ya kuchagua. Hayo yote yalinipitia kichwani kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na chini yake palikuwa na jambo dogo sana: mimi pia ni wa hapa, mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza, na kinywa changu kilikataa.

Nikasema kwa Kiingereza: ni kweli, wao waliwaua watu wenu.

Mgeni aliinamisha kichwa. Alingoja, kana kwamba kuna kilichobaki. Kisha akasema asante kwa kumweleza habari za watu hao. Nikatafsiri. Habuba alikunja uso. Alimpa tabaga iliyonyooka, moja ya chache, wakaagana kwa mikono miwili.

Gari lilipoondoka aliniita. "Ya wele," akasema, ndivyo Wanubi wanavyomwita mvulana, na mimi nilikuwa na ndevu. "Umesema *dey*." Alimaanisha *they*, "wao" ya Kiingereza.

"Habuba, ilikuwa tafsiri ya..."

"Mimi natazama mpira. *Dey* iko timu ingine. *Wi* iko timu yangu. Mimi nasema sisi, wewe nasema *dey*. Umeficha mimi kwa nini?"

"Nilitaka kukulinda."

"Kabla ya hiyo?"

Nikaingia chumbani kwangu.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Alisema nami kupitia kwa wajukuu: "Mwambie Dey aondoe baiskeli." "Uliza Dey kama nataka maharage." Watoto walilipenda jina. Wiki haikuisha mtaa mzima ukaniita Dey, hata muuza chapati ambaye hakujua linatoka wapi. Niliwaza kuhama. Niliwaza pia, kila siku, kumpigia mgeni. Namba yake nilikuwa nayo. Nilitunga maneno, nikayasahihisha, nikaona bado hayajakamilika. Ukamilifu ni mahali pazuri sana pa kujificha.

Baadaye Habuba alidhoofika, mwanawe wa pekee wa kiume akamchukua kwake Koboko. Mwana huyo ni mfanyabiashara wa saruji, mtu mkarimu, aliyebebwa mgongoni na mama yake walipovuka mpaka. Siku moja alinipigia simu, sauti yake imekaza. "Mama anakutaka. Anasema aletewe Dey. Lakini nakuonya, kijana. Najua anachotaka kufanya. Njoo umwamkie, ule, urudi."

Nilimkuta ameketi kitandani, amefunikwa hadi kiunoni, viganja vyake vikubwa juu ya shuka kama vyombo vilivyowekwa vikauke. Ilikuwa mchana, redio ya jirani ikitangaza bei za soko.

"Dey," akasema. "Umekonda."

"Nawe pia, Habuba."

"Mimi iko na sababu. Piga simu kwa mwalimu."

Mwanawe alisimama mlangoni. "Mama, tulishazungumza. Ukisema 'sisi' hutasema peke yako. Wajukuu wako wanasoma huko kusini. Wataitwa wauaji darasani."

"Sasa wanaitwa nini?"

Mwanawe alijua wanaitwa hivyo hivyo.

"Na sisi je?" akasema. "Dada yangu ulimzika njiani bila sanda. Nani alikuja kutujibu? Nani alibisha hapa?"

"Hapana mutu," Habuba akasema. "Bado. Wakija, wewe fungua." Kisha, polepole: "Wakati Wahindi nafukuzwa, baba yako alipewa duka. Mimi nilisema nini kwa watu? Nilisema, sisi iko na duka. Hapana sema wao iko na duka. Piga simu, Dey."

Mwanawe hakutoka, wala hakunizuia. Nikapiga. Mwalimu aliitika katikati ya kelele za wanafunzi. Akasema ngoja, tukasikia mlango ukifungwa. Nikaweka simu juu ya shuka, sauti imefunguliwa.

Habuba alisema kifupi kifupi, akinipa nafasi, kama aliyewahi kulifikiria. Alisema: asubuhi moja kambini mume wake alirudi, akavua nguo za kazi, zile za kaki, akalala bila kula. Yeye akachukua shati akaliloweka. Maji yakabadilika. Akatumia maji baridi, kwa sababu kila mwanamke anajua damu haitaki maji ya moto. Alipotazama kwenye bomba, aliwaona wenzake wa mstari mzima wa nyumba wanafua, wote kwa maji baridi, na hakuna aliyeimba. Ndipo jirani yake Mwacholi akaja na mtoto mgongoni, akauliza, "Umemwona mume wangu?" Na yeye, mikono ikiwa ndani ya beseni, akasema, "Hapana jua."

Nilitafsiri. Nilikumbuka suruali yangu kwenye miiba.

Mwalimu akauliza, sauti nyembamba, "Alikuwa mama yangu?"

Nikatafsiri. Habuba alitikisa kichwa. "Hapana. Yule alikuwa mfupi, aliitwa kwa jina ya kwao, baba yako hapana kaa kambi ile. Mama yako mimi hapana jua kabisa."

"Kwa nini basi unaniambia mimi?"

"Kwa sababu yule hapana rudi kuuliza. Wewe umekuja." Akavuta pumzi, akanitazama mimi wala si simu. "Mwambie sasa. Sisi iliua watu yao."

Mwanawe alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlango. Nikasema. Nilisema kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza wingi, na neno lile lilinichukua na mimi ndani yake, na mama yangu jikoni Manibe, na wajomba zangu wawili ambao hawakurudi. Nilikosea wakati wa kitenzi. Sikuusahihisha.

Mwalimu hakusema amesamehe. Alisema, "Nimesikia." Kisha akaniambia mimi, kwa Kiswahili kilichopinda kama cha Habuba: "Kijana. Siku ile, Arua, mimi nilisikia 'sisi'. Baba yangu alikuwa askari, maneno ya jeshi tulijua nyumbani. Nilingoja wewe kusema."

"Samahani, mwalimu."

"Nilirudi Gulu na ile 'wao' yako," akasema. "Ilikuwa nyepesi sana. Mtu hawezi kuizika." Akakata simu.

Habuba aliomba maji, akanywa kidogo. "Amesema nini mwisho?" Alikuwa ameelewa, lakini alitaka aisikie kinywani mwangu. Nikarudia, neno kwa neno. Akafunga macho. Mwanawe alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu kupitia shuka, asimseme wala asiondoke.

Nilipoaga, Habuba alisema bila kufungua macho, "Dey, pitia Ludara. Bisha."

Nilipitia. Nyumba ilikuwa wazi, na mlango umeegemezwa ukutani; walikuwa wanaubadilisha, wanaweka wa chuma. Kijana wa nyumba aliniuliza kama nimetumwa na bibi wa hodi. Nikasema ndiyo. Akasema wameutoa wampelekee, ila hawajui wamkabidhi nani bila kumwaibisha. Nikamwonyesha njia ya Koboko.

Walifika na mlango baada ya maziko ya Habuba. Mwanawe aliupokea.

Mimi bado naitwa Dey. Bado ninatafsiri, na akisema mtu "sisi", nasema "sisi", hata kama kitenzi chake kimepinda. Nikiulizwa Kampala kama mimi ni wa huko, sisemi tena kwamba sikuwa nimezaliwa. Na mtu akiniuliza habari za kwetu, siku hizi naanza kabla ya kukimbia.